Miguu Mikavu

Irmeli Kokko alitoa pedali kwenye mkoba, akaifuta kwa glovu, akaiweka chini juu ya zulia la duka la viatu. Ilikuwa pedali bapa ya chuma, pana, yenye vijino vidogo vya kung'ata soli. Asubuhi ile alikuwa ameifungua kwenye baiskeli yake ya zamani iliyoliwa na kutu, kwa sababu hakutaka tena kununua kiatu kabla ya kukijaribu juu yake.

Mwuzaji aliyepiga magoti mbele yake aliitazama, kisha akamtazama yeye.

"Watu huleta soksi zao," alisema. "Pedali hajawahi kuleta mtu."

"Kiatu kinaweza kushika vizuri dukani, kikateleza barabarani."

"Hilo kweli."

Mwuzaji huyo alikuwa Marketta Jaakola, na Irmeli alilijua hilo kabla hajashika kitasa cha mlango. Kwa miezi tisa alikuwa akizunguka mtaa mzima ili asipite mbele ya dirisha la duka hili. Mara ya mwisho walikutana kanisani, kwenye mazishi ya mzee Viljo, babake Marketta. Irmeli alikuwa amesimama safu ya nyuma, na watu walipokuwa wakitoka Marketta akamfuata, akampa mkono, akamshukuru kwa kumtunza baba yake miaka minne. Irmeli aliupokea mkono ule.

Kazi yake ilikuwa kuwahudumia wazee majumbani. Wazee tisa kwa siku: huyu dawa, yule uji, mwingine kuoshwa mgongo. Alikuwa na miaka hamsini na nane, na majira yote ya baridi ya mji wa Oulu alikuwa ameyapita juu ya baiskeli yenye matairi ya misumari ya kushika barafu. Wenzake walimtania kwamba akifa atazikwa na kengele yake. Jana mmoja wao alimkuta chumba cha mapumziko amekodolea macho picha za mabuti kwenye simu, akamuuliza kama anachagua viatu au anachagua mume. Irmeli alicheka pamoja na wengine. Baridi ilikuwa imeshaingia, na mwaka huu alikuwa ameamua kwamba miguu yake haitalowa.

Marketta alileta jozi tatu. Ya kwanza ilikuwa ya kiwandani, ngumu, yenye chuma mbele. Irmeli aliigonga kwa ukucha, akaikataa. Chuma hunyonya baridi na kuilaza juu ya vidole. Ya pili ilikuwa ya mpira mtupu, ndani imejazwa sufu nene iliyoshindiliwa. Hiyo ilikuwa na joto kama jiko. Aliivaa, akaikanyaga pedali, akausukuma mguu mbele na nyuma. Soli ilikuwa na mabonde makubwa, vijino vikazama humo bila kushika kitu, na shingo ya buti haikukubali kifundo kukunjika. Kwenye barafu angeanguka kabla ya kufika daraja la kwanza.

Ya tatu ilikuwa ya mpira chini na ngozi juu, shingo ndefu, soli tambarare. Marketta alimwambia achukue namba moja zaidi ya yake, soksi ya sufu ipate nafasi na hewa ibaki humo ndani. Alimwonyesha ulimi wa buti, jinsi ulivyoshonewa pande zote mbili mpaka juu, akasema suruali ya mvua ivaliwe nje ya buti, isiwe ndani, la sivyo maji yatateremka na mguu.

Akaushika mguu wa kushoto wa Irmeli ili amvishe. Kidole gumba chake kikapita juu ya vidole viwili vya mwisho, kikasimama.

"Hapa unasikia?"

"Hapana."

"Ulivaa viatu gani mwaka jana?"

Lilikuwa swali la mwuzaji, la kumwuliza mteja yeyote. Irmeli angeweza kujibu neno moja, akalipa, akaenda zake.

"Vilikuwa vimeandikwa havipitishi maji," alisema. "Ulimi ulikuwa wazi pembeni. Februari ile, siku ile, kwenye njia inayopita chini ya barabara kuu, theluji ilikuwa imeyeyuka, chini yake maji. Nilitua mguu, nikazama mpaka kwenye muundi. Kisha upepo ukageuka. Digrii kumi na nane chini ya sifuri."

Marketta hakuinua kichwa. Mkono wake ulikuwa bado kwenye kisigino.

"Vidole viliuma, halafu vikanyamaza. Vilipoacha kuuma ndipo nilipoogopa. Nikaingia duka la vyakula. Pale mlangoni pana tundu la hewa ya moto. Nikavua viatu, nikakaa."

"Muda gani?"

"Dakika arobaini. Nilijiambia dakika tano tu. Kisha tano nyingine. Sikupiga simu ofisini. Baba yako simu alikuwa haisikii, hilo nilijua. Nilijua pia kwamba saa nne kamili huwa amesimama dirishani."

Mengine Marketta aliyafahamu, na Irmeli hakuyasema. Mzee Viljo alikuwa ametoka nje na ndara zake za ndani kumtazamia barabarani. Irmeli alimkuta chini kando ya sanduku la barua, theluji imeshaanza kumtanda nyusi. Kwenye ripoti waliandika kwamba mhudumu alicheleweshwa na hali ya barabara. Hakuna aliyemuuliza zaidi. Barabara ilikuwa mbaya kweli. Hata uongo haukuwa uongo kamili, na kwa sababu hiyo ulikuwa mgumu kuutema.

Mteja mmoja aliingia, akatazama kofia, akatoka. Marketta alizipitisha kamba za buti tundu moja baada ya jingine, bila haraka.

"Ulikunywa kahawa?" aliuliza.

"Wapi?"

"Hapo ulipokaa. Wanauza kahawa hapo mlangoni."

"Nilikunywa. Kikombe kimoja."

Marketta aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyesomewa namba akaiona ni sahihi.

"Kanisani nilikushukuru," alisema.

"Ndiyo."

"Ukaniacha nikushukuru."

"Ndiyo."

Alifunga fundo, kisha akalifungua tena, akalegeza kamba sehemu ya chini.

"Usikaze hapa juu ya vidole," alisema, na sauti ilikuwa ileile ya mwanzo. "Damu isipopita, sufu haitakusaidia. Jioni toa soli za ndani, zikauke mbali na moto. Kanyaga."

Irmeli alisimama, akaikanyaga pedali. Vijino viliishika soli, havikuiachia. Alisukuma mbele, akasukuma nyuma. Buti lilikaa.

"Haya ndiyo," alisema.

Marketta aliinuka akijisukuma kwa mikono juu ya magoti. Akamwelekeza akalipe kwa msichana wa kaunta, akaingia chumba cha nyuma, akaufunga mlango. Irmeli alivaa na la kulia, akairudisha pedali mkobani, akalipa. Alingoja kidogo karibu na rafu za dawa ya kung'arisha viatu, mpaka msichana akamuuliza kama kuna kitu kingine anatafuta. Akasema hakuna.

Nje theluji ilikuwa inadondoka nzito, yenye maji. Aliendesha kando ya mto, akavuka daraja, akapita kwenye madimbwi bila kuyakwepa. Magurudumu yalimrushia tope mpaka magotini. Ndani ya mabuti palikuwa pakavu. Joto lilikuwa pale kwenye nyayo, tulivu, na kila alipolifikiria alikanyaga kwa nguvu zaidi, hata akawa anahema kwa mdomo.

Hilja Moilanen, mmoja wa wazee wake, bibi wa miaka tisini na mitatu, alimfungulia mlango akiwa na kitana mkononi.

"Leo umewahi," alisema.

"Nimewahi, bibi."

"Nje baridi?"

Irmeli alikuwa ameinama anafungua kamba. "Wanasema hivyo," alisema.

Akayaacha mabuti kwenye mkeka, akamketisha bibi karibu na dirisha, akaanza kumchana. Nywele zilikuwa chache, nyeupe, na ilibidi azishike karibu na ngozi kwa vidole viwili zisivutike. Gari la kuondoa theluji lilipita barabarani, glasi za kabatini zikatetemeka kwa muda, kisha zikatulia. Hilja alikuwa amefumba macho. Irmeli aliendelea kuchana, taratibu, hata pale ambapo nywele zilikuwa zimeshanyooka.