Machupa Kumi ya Mama Anastasie

Ketsia alijivunia usafi wake, na usafi huo ndio uliokaribia kumponza. Kule Fizi, mlimani kwenye baridi, shirika moja la kilimo lilikuwa limempa chumba aoteshe uyoga ule mwembamba wa rangi ya chungwa, unaomwingia kiwavi, ukamuua, kisha ukasimama juu ya maiti yake kama kidole.

Mbegu alizitoa kwa viwavi wawili waliookotwa msituni, mmoja upande wa Kilembwe, mwingine upande wa Lubondja. Kwa kila kiwavi alichagua mbegu moja tu, akaikuza peke yake katika maji ya sukari, kisha akayamimina maji hayo kwenye machupa ya wali uliochanganywa na unga wa viwavi. Ya Kilembwe huku, ya Lubondja kule. Yagusane? Thubutu.

Miezi mitatu machupa hamsini yalivaa ukungu mweupe, basi. Hakuna kidole hata kimoja kilichosimama. Na Placide, mkubwa wake wa Bukavu, alikuwa ameshasema: angekuja Ijumaa, na asipoona uyoga, chumba kingerudi kuwa stoo ya saruji na Ketsia angerudi kwa wazazi wake bila kazi.

Wa kulaumiwa alikuwa ameshapatikana zamani. Wiki saba nyuma, Ketsia alimkuta mama Anastasie, mjane wa Lubondja aliyekuwa akipika wali wa machupa, anamimina mabaki ya Kilembwe ndani ya maji ya Lubondja.

“Mama, unafanya nini?”

“Ya Lubondja haikuenea, madame. Nikajazia. Bageni bakizidi, si tunajaziaka tu mu nyungu?”

Ketsia hakucheka. Machupa kumi yalikuwa yameshamwagiwa mchanganyiko huo. Akayasukuma chini ya dirisha asiyatazame tena, akaandika kwenye daftari: *51 mpaka 60, yameharibiwa na Anastasie*. Kisha akamwambia mama wa watu asirudi tena. Hasira hasara, tunasema, lakini nani huikumbuka methali hiyo akiwa amekasirika?

Alhamisi asubuhi akayavuta yale machupa kumi ayaoshe, ili Placide akute angalau vyombo safi. La kwanza alilishika akasahau kulitua. Ndani yake vidole vya rangi ya chungwa vilikuwa vimesongamana mpaka kwenye kifuniko. La pili hivyo hivyo. Yote kumi. Akachukua lenzi, akaona kwenye kichwa cha kila kidole vipele vidogo, ndivyo vyumba vya mbegu mpya.

Akakaa sakafuni akalia kwa furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu. Kumbe jambo lenyewe alilisoma chuoni: uyoga huo una pande mbili, na upande mmoja peke yake hauzai. Mbegu moja ni upande mmoja, na yeye alikuwa amezitenganisha kwa bidii ya mtawa.

Mchana uleule pikipiki ikamteremsha Ketsia mpaka mji wa Baraka, kando ya ziwa, ambako aliambiwa mama Anastasie sasa anauza samaki. Alimkuta sokoni, nyuma ya beseni la ndagala. Mama Anastasie alimwona, akaendelea kupanga samaki wake.

“Mama, nimekuya kukuomba pardon,” Ketsia akasema. “Ile machupa yako njo imeota. Mbegu ya Lubondja peke yake haizae, ya Kilembwe peke yake haizae. Vile ulichanganya, zikaoana.”

Mama Anastasie akamtazama kwa huruma.

“Sasa, mutoto yangu, we ulitaka batu ba ukoo moja baoane? Hata siye Babembe tunakataza.”

Ketsia akacheka mpaka wauza samaki wakageuka. Akatoa daftari, akafungua ukurasa ule, akataka kuuchana palepale. Mama Anastasie akamzuia mkono, akaomba kalamu. Akasoma polepole, midomo ikicheza, kisha akakata neno moja tu, *yameharibiwa*.

“Jina yangu uiache,” akasema. “Ule mukubwa ya Bukavu aione.”