Tochi ya Mchana Kweupe

"Tochi mchana kweupe! Jua limekukosea nini?" Mama mkwe alicheka mpaka akashika mbavu. "Nimeshakwambia mayai hayo ni viza. Tupa!"

Mke wa mwanawe alimvuta mkono hadi ndani ya stoo, akafunga mlango, akachomoa yai moja chini ya kuku anayeatamia, akaliweka juu ya kioo cha tochi na kuiwasha.

Yai likawa jekundu lote. Mishipa ilitanda ndani yake kama mizizi, na katikati kijidude cheusi kikarusha mguu.

"Mama yangu wee! Kanirushia teke!" Mama mkwe aliruka, kilemba kikamdondoka. "Umeona? Anacheza!"

Ghafla akaziba mwanga kwa kiganja, akanong'ona kwa ukali, "Zima basi, wewe! Mtoto wa watu hata hajazaliwa, unammulika machoni!"