Kiwiko cha Baba kwenye Mkanda wa Video

Ndoto ya jana usiku ilinikuta nimejiandaa. Nimo studio ya televisheni, enzi za suruali za pekosi, zile pana miguuni, na najua vizuri nilichofuata: uso wa baba.

Baba yangu, Athanasi Ndimbo, alipiga tarumbeta katika bendi ya Matarawe Jazz, akafariki mimi nikiwa bado tumboni. Kupigwa picha hakutaka kabisa. Alituachia mkanda mmoja wa video, wimbo wa dakika nne, na humo kinaonekana kiwiko chake tu.

Magitaa hayana waya wa umeme. Wimbo ulisharekodiwa redioni, leo bendi inafuatisha kwa midomo, na sauti halisi haziruhusiwi ndani. Mlinzi akaichukua yangu, akaitundika kwenye msumari wa mlangoni. Tangu hapo kila nilichosema kilisikika mlangoni.

Kamera imekaa inakunywa chai. Nikaiamkia, ikaitikia marahaba. Nikaiuliza kwa nini inamruka baba.

"Namtazama anayefungua mdomo," ikasema. "Baba yako kauziba kwa tarumbeta."

Mara tuko bustanini, kwenye chemchemi ambako kila bendi lazima ipigwe video. Waimbaji wameegemea gari la kuazima, nalo linawaomba wasichafue rangi. Baba yuko pembeni, kanipa mgongo. Nikamvuta mkono wa shati, kifungo kikaning'okea mkononi.

"Baba, fungua mdomo."

"Siwezi, mwanangu. Jino la mbele limekatika. Watanicheka nchi nzima."

"Wacha wacheke. Mimi sijawahi kukuona."

Alifikiri kidogo, akaiweka tarumbeta chini, akageuka. Mdomoni mwake ikatoka sauti ya mwimbaji wa kike aliyeuimba wimbo ule redioni, tamu ajabu. Kamera iligeuka kwa kasi hata ikamwaga chai. Nikamwona: pua yangu, mashavu yangu, na jino nusu. Nililia kwa furaha, na kilio changu kikasikika kule mlangoni.

Asubuhi nilimkuta mama jikoni anachambua mchele. Nikamuuliza kama baba alikuwa na jino lililokatika.

Mikono yake ikasimama. "Nani kakwambia? Hata mimi alinificha mpaka tulipofunga ndoa."

Nikaenda kuucheza ule mkanda kwenye televisheni. Kiwiko kilipita palepale pa siku zote, ila mkono wa shati sasa ulikuwa wazi, unapepea. Mama akasogea karibu na kioo cha televisheni, akalalamika kwamba kifungo kile alikishona mwenyewe, kwa uzi mwekundu.

Nikafungua kiganja, nikampa.