Mgonjwa wa Kadi Namba Tisa

Ile taarifa niliiandika mimi. Walioisoma walisema Kiswahili chake kizuri, na ni kweli, sitajifanya mnyenyekevu. Zahanati yetu ina vyumba vinne, manesi wawili, mtoa dawa mmoja, daktari mmoja ambaye ndiye mwenye mali na tunamwita Mkurugenzi kwa sababu aliandika hivyo mlangoni, na mimi karani wa mapokezi. Shuleni nilikuwa hodari wa insha. Ukitaka kumharibu mtu, msifie kwa jambo moja tangu utotoni.

Mambo yalianza Mkurugenzi aliporudi kutoka semina ya siku mbili kuhusu faragha ya mgonjwa. Alirudi na mkoba wa bure, kalamu ya bure na wazo. Kuanzia siku hiyo ilikuwa marufuku kumwita mgonjwa kwa jina. Zikatengenezwa kadi za plastiki, namba moja mpaka arobaini. Mgonjwa akijiandikisha kwangu anapewa kadi, na faili lake linakwenda ndani na namba hiyo hiyo. Mtoa dawa anavuta dawa kwenye bomba la sindano, anaiweka kwenye trei yenye namba, anaifunika kitambaa. Nesi wa sindano anaita namba, anapokea kadi, anachoma. Faili halioni. Jina haulizi. Kuuliza jina lilikuwa kosa la nidhamu, na tangazo lake lilibandikwa ukutani kwa herufi nyekundu.

"Yaani mimi namchoma mtu au nachoma namba?" aliuliza nesi wa sindano siku ya kwanza. Ni mama mtu mzima, ana miaka ishirini na sita kazini, na wagonjwa wanamwita Mama Taratibu kwa sababu ndilo neno analosema kabla sindano haijaingia.

"Unamchoma mteja," Mkurugenzi akamjibu. "Siku hizi hatuna wagonjwa, tuna wateja."

Haikupita wiki, Mama Taratibu akaandika barua kwamba watu wanabadilishana kadi kwenye benchi. Na kweli walikuwa wanabadilishana. Watu wetu wana adabu zao. Akija mama na kichanga kinacholia, mtu anampisha, na kwa kuwa namba ndiyo foleni, kumpisha ni kumpa kadi yako na kuchukua yake. Hakuna aliyewaambia kwamba ile kadi ilikuwa imeshaandaliwa dawa. Barua niliipokea mimi, nikaigonga muhuri, nikaiweka kwenye faili la Maoni. Faili hilo hakuna aliyelifungua zaidi yangu, na mimi nililifungua kuweka tu, si kusoma.

Basi Jumatatu alikuja mwalimu wa chekechea, binti mchangamfu, nikampa kadi namba tisa. Baadaye akaja mzee fundi saa, yule mwenye kibanda mkabala na posta, ana sukari na ana kidonda kwenye kidole cha mguu kilichokuwa kimeanza kuvimba. Yeye alipata ishirini na moja. Akakaa kwenye benchi anagugumia, mguu kaunyoosha mbele.

"Babu, chukua yangu, mimi nitangoja," mwalimu akamwambia.

"Mungu akuzidishie, mwanangu."

Wakabadilishana. Niliwaona kwa macho yangu haya mawili, na nilichowaza ni kwamba adabu bado ipo duniani.

Kwenye trei namba tisa kulikuwa na sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Kwenye trei ishirini na moja, penisilini ya mguu. Dawa zote mbili ni nyeupe kama maziwa, na zikishavutwa kwenye bomba hata aliyezitengeneza asingezitofautisha kwa macho. Mama Taratibu akaita tisa, akamchoma mzee. Mzee akashukuru, akaenda zake. Akaita ishirini na moja, akamchoma mwalimu, ambaye faili lake lina mstari mwekundu kwenye ukurasa wa kwanza: penisilini haipatani naye, isitumike kamwe.

Dakika tano baadaye midomo yake ilikuwa imevimba na pumzi inapiga filimbi. Akaanguka mbele ya meza yangu. Mama Taratibu alitoka mbio na sindano ya adrenalini mkononi, akamchoma pajani, akapiga magoti kando yake, akamshikia barakoa ya hewa mpaka gari la wagonjwa likaja kumpeleka hospitali kuu. Binti alipona kwa sababu ya mama yule. Hili naliandika hapa kwa kuwa kwenye taarifa sikuliandika.

Alasiri ile Mama Taratibu alizipanga kadi, akazilinganisha na mafaili, akajua yote. Akaingia kwa Mkurugenzi, nami nilikuwemo.

"Mzee naye kachomwa isiyo yake. Yule hana dawa mwilini, na ana sukari. Aitwe leo hii."

Mkurugenzi alijishika kichwa. Sitasema hakuumia, aliumia, ila aliumia kwa upande wa jina lake. "Tukimwita leo, tuna waathirika wawili," akasema. "Mmoja ni bahati mbaya. Wawili watu watasema ndiyo tabia yetu. Kwanza tutoe taarifa, hali itulie, halafu aitwe kimyakimya."

"Mficha maradhi, daktari, kifo humuumbua," akasema Mama Taratibu.

Akapewa likizo ya lazima papo hapo. Alipokuwa akikusanya vitu vyake alinishika mkono. "Namba ya simu ya mzee iko kwenye faili, na faili liko kwako. Mwite, mwanangu."

Nikamwambia sawa.

Jumanne asubuhi nilinyanyua simu. Mkurugenzi akatokea mlangoni. "Ukimpigia yule," akasema, tena kwa upole, "andika na barua yako ya kuacha kazi, kwa Kiswahili hicho hicho kizuri." Nyumbani nina mama na wadogo zangu wawili wanaonitegemea. Sababu hii ni ya kweli na nimeitumia sana. Lakini iko nyingine: nilipokwisha kuweka simu chini nilivuta karatasi, na saa nzima haikupita nikawa naona raha. Ndivyo nilivyokuwa.

Maana ilikuwa kazi hasa. Rasimu ya kwanza niliandika "kosa". Mkurugenzi akalikata. Nikaandika "hitilafu", akasema hitilafu ni ya mashine. Nikaandika "tukio", akasema linanuka polisi. Jumanne yote ikaisha hapo. Jumatano tukafika kwenye sentensi ambayo alinipigia makofi: "Mteja wetu mmoja alipata hali isiyotarajiwa kiafya, iliyotokana na wateja kubadilishana kadi kinyume cha utaratibu, na kuchangiwa na mtumishi ambaye kwa sasa yuko nje ya majukumu yake." Itazame vizuri. Ndani yake amelaumiwa mgonjwa na amelaumiwa nesi, na zahanati imepita katikati yao haijachafuka kiatu. Funika kombe mwanaharamu apite, na kombe nililifinyanga mimi.

Jumatano hiyo hiyo, saa nne, mzee fundi saa alikuja dirishani kwangu. Alikuwa ameegemea fimbo.

"Mjukuu wangu, mguu unawaka moto. Ni kawaida, au ndiyo dawa inafanya kazi?"

"Kitambaa chako kinasemaje, babu?" Nilimaanisha kitabu, sijui kwa nini ulimi uliteleza. Alikuwa anatoka jasho. Nikafungua kitabu, nikajifanya nasoma. "Umeandikiwa kurudi Jumatatu."

"Jumatatu, basi," akasema. "Ninyi ndio mnaojua."

Mkurugenzi akaniita ndani. Alikuwa amekwama kwenye "wateja" au "wateja wetu wapendwa".

Alhamisi tulipanga viti ukumbini. Walikuja waandishi wawili, mmoja wa redio na mmoja wa gazeti, na majirani wengi kuliko viti. Mkurugenzi alitaka awepo mgonjwa yeyote aliyehudumiwa Jumatatu, aonekane mzima. Mtoa dawa, ambaye alikuwa na orodha ya namba tu, akatoka nje na kuuliza nani alitibiwa siku ile. Mzee fundi saa, ambaye alikuwa amekuja mwenyewe, amekaa kwenye ngazi akingoja mkutano uishe ili aombe aangaliwe mguu, akanyanyua fimbo. Wakamleta kwa heshima zote, wakamkalisha mbele kabisa.

Mkurugenzi hakumjua. Angemjuaje? Jumatatu alimwandikia dawa kwenye faili bila kumtazama usoni; kwake yeye mzee alikuwa kadi.

Nikaisoma taarifa. Sauti haikutetemeka, nasikitika kusema. Nilipomaliza Mkurugenzi akasimama, akamwekea mzee mkono begani. "Na huyu hapa mzee wetu, alipata huduma siku ile ile. Mzee, tuambie, ulihudumiwaje?"

"Vizuri sana," akasema mzee. Midomo ilikuwa imemkauka. "Sikungoja hata. Binti mmoja alinipisha."

Hapo mtu akasimama nyuma. Alikuwa mwalimu wa chekechea, uso bado umevimba upande mmoja, na pembeni yake mama mkwe wake amekumbatia mkoba.

"Binti huyo ni mimi," akasema. "Sikuja kudai kitu. Mmesema wateja walibadilishana kadi, ni kweli, nilibadilishana. Mimi nilichomwa ya huyu babu, ikanilaza siku mbili. Sasa naomba kuuliza swali moja. Babu alichomwa nini?"

Mkurugenzi akaanza kusema kuhusu faragha, kwamba taarifa za mteja ni siri na sheria haimruhusu.

"Siri ni yangu, na ninaitoa," akasema mwalimu. Akamgeukia mama mkwe. "Mama, unisamehe, utasikia hapa hapa. Nilikuja kuchoma sindano ya uzazi wa mpango. Sasa karani atuambie. Sindano yangu ilikwenda wapi?"

Macho yote yakanijia. Mimi wa insha, mimi wa maneno yaliyochaguliwa, nilitoa mawili tu.

"Alichomwa yako," nikasema.

Mtu mmoja akacheka, kisha ukumbi mzima. Mwandishi wa redio alicheka mpaka kinasa sauti kikamponyoka. Hata mama mkwe alijifuta machozi, sijui ya nini. Mzee naye akacheka. "Kwa hiyo miezi mitatu sizai!" akasema. "Mke wangu angekuwa hai angewashukuru."

Mwalimu peke yake hakucheka. Alipita kati ya viti, akachuchumaa mbele ya mzee, akamfungua kitambaa cha mguu taratibu, kama anayemvua mtoto soksi. Harufu ilitufikia wote. Kicheko kikakatika safu kwa safu, kuanzia mbele.

"Karani," mwalimu akaniambia bila kugeuka, "hili mlilijua tangu lini?"

Nilitazama karatasi yangu. Aya tatu, hakuna koma iliyokosewa.

"Tangu Jumatatu."

Gari lilimpeleka hospitali kuu mchana ule. Kesho yake gazeti lilitoka na picha ya Mkurugenzi na kichwa cha habari kinachosema zahanati imevunja ukimya na kusema ukweli hadharani, kwamba ni mfano wa kuigwa. Aliikata habari ile, akaitia kwenye fremu. Mimi nilikuwa nimeandika barua ya kuacha kazi, akaikataa. Alisema sasa ndipo ananihitaji, na kwamba anafikiria kunipa cheo cha Afisa Uwazi. Nikaiacha mezani kwake, nikaondoka. Mama Taratibu bado yuko likizo ya lazima.

Jumapili nilikwenda kumwona mzee. Mguu ulikuwa umekatwa chini ya goti. Shuka lilikuwa limelala bapa mahali ambapo halikupaswa kulala. Mwalimu wa chekechea alikuwa amemaliza kumlisha uji, akatoka na bakuli bila kunisalimu, na sikumlaumu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa." Alinionyesha ukingo wa kitanda, upande ule uliokuwa na nafasi. "Daktari wa hapa kaniambia ningeletwa Jumanne wangetoa kidole tu. Nimehesabu. Jumanne, Jumatano. Mlikuwa na kazi gani siku zile mbili?"

"Tulikuwa tunaandika taarifa, babu."

"Siku mbili?"

"Siku mbili."

Akatikisa kichwa polepole. Ni fundi saa, anajua kazi ndogo inavyoweza kumla mtu siku nzima, na nadhani alitaka kwa dhati kunielewa.

"Basi lazima ilikuwa nzuri," akasema. "Siku ile sikusikia vizuri, homa ilikuwa imepanda. Mimi mliniandika vipi?"

Nilimwambia ukweli. Kwamba hakuwemo.