Punje za Tai

Msiniambie Memsaab alikuwa mtu mzuri. Nimewasikia wanaosema hivyo, kwamba alipenda ndege, kwamba hakuwahi kumpiga mfanyakazi. Ni kweli, hakupiga. Lakini mimi Namalwa, niliyempikia Mzungu huyo pale Kilimani, nawaambia afadhali angepiga.

Kila Oktoba, mvua za vuli zikikaribia, tai walipita juu ya Nairobi wakikimbia baridi ya Urusi na kufuata kumbikumbi. Memsaab aliwahesabu ili awaandikie wenzake Ulaya. Tulipanda juu ya paa la gereji watu watatu: yeye na darubini yake, mimi, na Gichuru wa bustani. Macho ya Memsaab yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Bila Gichuru kumwonyesha, hakuona kitu.

Kazi yangu ilikuwa punje. Kwetu Bungoma hatuhesabu chenye uhai kwa mdomo, si watoto, si ng'ombe; ukitaja idadi unakiitia kifo. Kwa kina Gichuru ni hivyo hivyo. Basi nilimwambia Memsaab mimi sitaji namba ya ndege yeyote. Nitatia punje ya mahindi kwenye chupa ya jamu kwa kila tai, haragwe kwa kila kipanga, na chupa hazifunguliwi mpaka wote wawe wamepita. Alicheka, akawasimulia wageni wake, lakini akakubali. Chupa zikapangwa stoo.

Mwaka ulikuwa 1954. Tangu msako mkubwa wa Aprili, serikali ya kikoloni ilipowatafuta wapiganaji wa msituni, Mkikuyu aliyekutwa mjini bila kipande, kile cheti cha ruhusa, alipakiwa kwenye lori akapelekwa kizuizini, na Gichuru, naye Mkikuyu, hakuwa nacho. Mimi Mluhya niliweza kwenda hadi River Road na kikapu changu nikarudi. Yeye hakuthubutu kutoka getini. Binamu yake, muuza kuni wa Dagoretti Corner, alikuwa tayari kumficha ndani ya mkokoteni amfikishe kwa mama yake. Gichuru akaenda kumuaga Memsaab. Memsaab akamshika mkono. Nilikuwepo, nakunja mashuka.

"Wewe ngoja, Gichuru," alisema. "Tai kwisha pita, mimi kwenda ofisi, mimi leta kipande yako. Mimi sema kweli."

Binamu akaondoka na mkokoteni mtupu. Nilimwambia Gichuru ahadi ya huyu mama haishikiki, aende wakati njia ipo. Akanijibu kwamba mtu anayekaa chini kumfunga ndege bawa lililovunjika hawezi kumtupa mwanadamu. Nami nikamwacha, maana hata mimi nilitaka iwe hivyo.

Basi tukahesabu. Jamani, yule mtu alikuwa na macho! Aliinua kidole upande wa Ngong nami naona anga tu, kisha nukta, kisha mabawa. Siku nyingine walipita kwa wingi hadi mkono ukaniuma kwa kutia punje. Jioni tulikula githeri jikoni, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, akinitania kwamba sisi Waluhya tunavyopenda kuku, kama wangekuwa kuku wanapita huko juu, tungewaona kabla yake.

Novemba ikaenda ukingoni, anga likabaki tupu. Asubuhi moja Memsaab akasema wamekwisha, akamwambia Gichuru aoge, avae shati safi, leo ndiyo ile siku ya ofisini. Gichuru alinyoa ndevu. Alikopa mafuta yangu ya kujipaka. Landrova ilipoingia uani alitoka akitabasamu, akawasalimu askari kwa adabu akidhani ndiyo itakayowapeleka.

Memsaab akasimama barazani. Akamwambia ofisa kwamba huyu ndiye yule ambaye yeye Memsaab alipiga simu kumshitaki, na kwamba amegundua jana tu kuwa hana kipande. Jana tu! Asante ya punda ni mateke, lakini hata punda hakuambii uoge kwanza.

Gichuru aligeuka akamtazama. Hakupiga kelele.

"Memsaab," alisema, "si tai wamekwisha?"

Memsaab akaingia ndani. Wakamfunga pingu, wakamsukuma nyuma ya gari na shati lake safi.

Mchana Memsaab alikuja jikoni kunieleza. Eti sheria ni sheria, eti wanaoficha watu wanafungwa. Kama ni woga, mbona hakuogopa Oktoba, alipohitaji macho? Akamaliza kwa kuniagiza nimpelekee chupa kesho yake baada ya chai, azihesabu, aandike barua ya Ulaya. Alipotoka, nikaenda stoo kwenye chupa.

Nikazifungua zote. Nikatoa mawe, nikaosha, nikaloweka. Alfajiri nikabandika sufuria kubwa kuliko zote, nikachochea kuni. Baada ya chai alikuja mwenyewe, kalamu sikioni, akauliza chupa ziko wapi. Nilifunua kifuniko.

"Ndio hawa, Memsaab. Wameiva. Nampelekea mama yake Gichuru."

Alichungulia kwenye mvuke, muda mrefu, kama aliyekuwa akitafuta cha kuokoa. Kisha akakaa kwenye kigoda changu, akafunika uso kwa mikono, akalia hadi mabega yakatikisika, akisema msimu mzima, msimu wangu mzima.

Nilisimama na mwiko nikimtazama. Jana yake, lile gari lilipotoka getini, alikuwa ameniomba sukari ya chai yake, basi.