Siku ya Raga na Siku ya Kisu

Usimwamini mtu anayekuambia Mzungu anajua kushika saa. Mimi Elphas niliwachapia barua miaka tisa katika klabu yao ya raga hapa Eldoret, na ninakuambia saa walikuwa nayo, ukutani, kubwa kama sinia. Lakini kukubaliana siku moja tu kuliwashinda karibu mwaka mzima wa 1950.

Jambo lenyewe lilikuwa mashindano ya kimataifa. Mataifa yalikuwa manne: Eldoret, Kitale, Nakuru, na Waingereza fulani waliokuwa wakijenga bwawa kule Jinja. Nilimuuliza mwenyekiti, Meja Thorley, kama Kitale ni taifa. Akaniambia nichape. Nikachapa.

Kwanza ilibidi yapate historia, maana Meja alisema mashindano yasiyo na historia ni mchezo wa watoto. Historia ya kitu ambacho hakijachezwa hata mara moja, jamani. Walikaa vikao vitatu. Meja alidai yalianza 1921, siku alipoupiga mpira ukavuka zizi la ng'ombe. Van Staden, Kaburu mwenye shamba upande wa Kaptagat, akanuna: watu wake walifika 1908 na magari ya ng'ombe, na jioni ileile wakacheza raga kwa kibofu cha fahali. Nikachapa yote mawili. Kipyego, Mnandi aliyekata nyasi za kiwanja, aliniambia hapo palikuwa malisho ya baba yake. Nilipomuuliza kama nilitie na hilo kwenye historia, alicheka mpaka akakaa chini.

Kisha ikaja tarehe. Juni ilikataliwa kwa sababu ya kupalilia mahindi. Tuliopalilia ni sisi, lakini waliochoka ni wao. Julai kulikuwa na mbio za farasi. Septemba van Staden alikuwa na maonyesho ya mafahali. Kila walipotaja tarehe nilichapa barua kwa mataifa yote, na kabla stempu hazijakauka nikachapa nyingine za kuomba radhi. Mwishowe wakasema Jumamosi, tarehe kumi na mbili Agosti. Hapo moyo wangu ukapasuka.

Sisi Wabukusu tunatahiri Agosti, tena mwaka mmoja tunafanya, mmoja tunaruka. Kijana wangu wa kwanza, Walubengo, alikuwa na miaka kumi na sita, na 1950 ukimpita angengoja miaka miwili mingine akichekwa na wenzake. Asubuhi ya kisu kijana hutoka mtoni amepakwa tope mwili mzima, akaja kusimama uani kwa baba yake, macho mbele, asipepese. Mimi ni Mkristo. Mambo ya pombe nilimwachia ndugu yangu Murunga. Lakini kusimama pale sikuweza kumwachia mtu. Baba yangu alikufa kabla ya siku yangu, nikasimama kwa watu wengine nikiutazama ukuta, maana baba wa kumtazama sikuwa naye. Niliapa mwanangu hatautazama ukuta. Na siku yake wazee walikuwa wameipanga tarehe hiyohiyo, kumi na mbili.

Niliomba ruhusa. Meja akauliza, sasa matokeo yatachapwa na nani? Kuondoka bila ruhusa siku hizo kulikuwa kosa la polisi. Nikamwandikia Murunga kwamba tarehe kumi na mbili nimeshikwa na Wazungu, nikalia, na sioni aibu kusema.

Katikati ya Julai wakakutana tena, wakagombana tena. Van Staden hakuitaka kumi na mbili, maana Makaburu walikuwa na Meza ya Bwana. Mwingine akataka Oktoba. Saa ya chai ikafika, Meja akainuka, akaniambia nichape barua ya mwisho na niweke ile tarehe waliyokubaliana. Tarehe gani? Walichokubaliana ni chai peke yake.

Nilikaa mbele ya mashine, nikapiga: ishirini na sita Agosti. Meja akatia sahihi bila kusoma, na barua zikaenda.

Unafikiri kuna aliyeuliza? Kila mmoja alijua ni yeye aliyeipendekeza. Van Staden aliwanunulia wote bia kwa ushindi wake. Meja akaongeza mwenyewe kwenye kitabu cha historia kwamba ishirini na sita Agosti ndiyo siku ya jadi ya mashindano haya, nami nikachapa huku nikijiuma mdomo nisicheke. Sikuandika nyumbani kuwaambia. Nilitaka kuwatokea mwenyewe uani, wanione.

Tarehe tano Agosti ikafika barua ya Murunga, imelala posta ya Turbo, njiani, wiki nzima. Alikuwa amewaendea wazee akiwapelekea kondoo dume, akawaomba mpaka wakakubali kusogeza siku kwa ajili yangu. Walubengo alikuwa ameshazunguka kwa wajomba na mashangazi akipiga njuga, akiwaalika kwa siku hiyo mpya. Na siku iliyoitwa kwa njuga hairudishwi, hata mvua ya mawe inyeshe. Murunga aliandika: "Ndugu yangu, umepona. Ni tarehe ishirini na sita."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilikimbia kwa Meja, mtu aliyebadilisha tarehe mara tano mbele ya macho yangu, nikamwomba abadilishe ya sita. Hakukasirika. Alifungua kile kitabu, akaweka kidole kwenye mstari.

"Elphas, tarehe hii haiguswi," akasema. "Ni ya jadi. Soma mwenyewe."

Nikasoma. Nilikuwa nimeuchapa vizuri, bila kosa.

Alfajiri ya ishirini na sita nilikuwa kiwanjani na Kipyego, tukimwaga chokaa kwenye mistari, na mvua ikiifuta nyuma yetu. Jua lilipotoka nilijua kisu kimeshapita. Niliinama juu ya ndoo, Kipyego akaendelea na mistari peke yake. Timu ya Jinja haikuja. Walikuwa wamepewa tarehe nyingi mno, wakachagua yao. Mataifa matatu yakabingirika kwenye matope mpaka jioni.

Wiki iliyofuata nilipewa siku mbili. Murunga alinieleza njiani kwamba Walubengo alisimama kama mti, hakupepesa, ila macho yake yalikuwa kwenye barabara ya Turbo. Nilimkuta ndani ya kibanda, amelala juu ya majani ya mgomba. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Yeye akanitangulia.

"Baba," akasema, bila hasira hata kidogo, "nani alishinda?"

Nilikuwa nimeyachapa matokeo nakala arobaini. Sikuyakumbuka.