Godoro Kando ya Birika

Katika nyumba ya ba'mkubwa Abdulmajid, aliyekwisha kuugua ndiye anayeuguza. Ndivyo tulivyokuzwa pale Kariakoo. Mtoto akitokwa na tetekuwanga, anatafutwa mtu mwenye makovu yake. Huyo ndiye atakayemwogesha maji ya mwarobaini na kulala naye chumba kimoja, na wengine wanahamishwa. Kwa tetekuwanga sina ugomvi na utaratibu huo, umetulea sote. Ugomvi wangu ni pale mtu mzima, alhaji, mwenye simu ya bei mbaya inayoweza kumjibu chochote akiiuliza, anapochukua utaratibu wa tetekuwanga na kuuvisha ugonjwa asioujua.

Mdogo wangu Najma aliugua dengue mwaka ule wa 2019, jiji zima lilipokuwa likilia na viungo. Akapona. Tangu hapo akawa na cheo nyumbani. “Huyu kashapita,” ba'mkubwa alikuwa akiwaambia wageni, utadhani mtoto amehitimu madrasa.

Msimu huu wa mvua homa ikarudi. Wajukuu wa ba'mkubwa wakashikwa, wakapimwa, ikawa dengue. Akaita kikao. Mimi sikuitwa, maana nimeolewa na naishi Msimbazi, na wenye mdomo kama wangu hawaalikwi kwenye vikao. Ikaamuliwa kwamba mama mkubwa na wakwe zake waende Mbagala kwa jamaa mpaka hali itulie, na Najma abaki na watoto. Wakapewa chumba cha uani, eti kina hewa. Mlango wa chumba hicho unatazama birika.

Hilo birika ni la saruji, alilijenga marehemu babu ili watu wapate maji ya kutawadhia. Liko wazi juu, na viluwiluwi wa mbu humo wamejaa tele. Bwana afya kila akipita anaomba lifunikwe. Ba'mkubwa anamjibu kwamba marehemu hakulifunika na aliishi mpaka meno yakamwisha. Nami nimelisemea mpaka nikaitwa mkorofi. Aliniambia watu wanalala kwenye chandarua, sasa kifuniko cha nini? Nikamwambia mbu wa dengue anauma mchana. Akacheka sana, akasema mbu gani huyo asiyejua saa zake za kazi.

Niliposikia habari ya kikao nilikwenda palepale. Nilimkuta Najma anawakanda watoto kwa kitambaa, mikono wazi, mbu wanajilia. Nikamwambia achukue nguo zake twende kwangu. Akatabasamu. “Dada Badria, mimi si nimeshapita?”

Alikuwa anajivunia. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Walikuwa wamemtoa kafara, na wamempa na sifa juu yake.

Watoto wakapona. Najma akaanguka. Na sasa sikilizeni akili za watu wazima: walisema dengue haiwezi kuwa, kwa sababu ameshaugua. Basi ni malaria. Kipimo cha malaria kikakataa. Basi ni uchovu. Mama mkubwa akapiga simu kutoka Mbagala, akauliza kwa sauti ya chini kama mtoto hajapata mimba. Msichana kichwa kinampasuka nyuma ya macho, hawezi kugeuza shingo, na wao wanamhesabia siku zake. Mimi nikaambiwa ana mafua, nisijisumbue.

Homa ikashuka. Wakashukuru Mungu, mama mkubwa akarudi nyumbani, na Najma akapewa mchele achambue, kwa kuwa mwili umeshapoa.

Nilimkuta uani na sinia mapajani. Mchele ulikuwa na madoa mekundu. Nikadhani amejikata. Kumbe damu ilikuwa inatoka kwenye fizi, anaipangusa kwa vidole, kisha anaendelea kuchambua. Nilipomuuliza akaniambia tumbo linamkata na amepata choo cheusi, ila aliona haya kulisema mbele ya ba'mkubwa. Mikono yake ilikuwa ya baridi. Nikaita bajaji, sikumuaga mtu.

Hospitali walimtundikia maji, wakamwongezea na damu. Daktari, dada mmoja mpole anayeitwa Matilda, alinikalisha pembeni. Aliniambia virusi vya dengue viko aina nne, ndugu wa tumbo moja. Ukiugua mmoja, mwili unatengeneza kingamwili za kumkomesha huyo huyo, na huyo harudi tena. Lakini akija ndugu yake, zile kingamwili za zamani zinamtambua kwa sura tu. Zinamkamata, haziwezi kumuua, na badala ya kumzuia mlangoni zinamsindikiza mpaka ndani ya chembe za mwili. Ndiyo maana wa pili mara nyingi huwa mkali kuliko wa kwanza. Na hatari yenyewe, akasema, huanza pale homa inaposhuka, watu wanapodhani yamekwisha.

Nikauliza kama atapona. Akasema watajua kesho, na kwamba ningechelewa zaidi asingekuwa na la kuniambia.

Nilimpigia ba'mkubwa. Nilipomwambia ni dengue akanikatiza. “Haiwezekani, Badria. Huyu kashapita.” Nikamjibu kwamba huko kupita ndiko hasa kulikotaka kumuua. Akasema nimeanza tena ukorofi wangu, akakata simu.

Najma alipona. Polepole, amekonda, nywele zinatoka, lakini alipona, na mimi nililia kwenye korido ya hospitali bila aibu. Nilitaka kumpeleka kwangu moja kwa moja. Yeye akataka kwanza apitie nyumbani kuchukua nguo na kumpa ba'mkubwa mkono, maana ndivyo alivyolelewa.

Ba'mkubwa alitupokea uani, ana furaha. Alipoitikia shikamoo ya Najma, akawageukia majirani waliokuja kumpa pole. “Sasa huyu kashapita mara mbili. Amekamilika.” Kisha akamwambia Najma, kwa upole kabisa, kwamba mtoto wa Vicky, mpangaji wetu wa chumba cha mbele, ameamka na homa, na Vicky hawezi kufunga duka. Godoro la Najma lilikuwa limeshahamishiwa kwa mgonjwa.

Vicky alitoka mbio chumbani kwake, akaapa kwamba hakuomba. Namwamini. Najma alinitazama, akaanza kuvua mtandio wa safari. Alikuwa anakwenda. Wallahi alikuwa anakwenda.

Nikaingia kwa Vicky, nikalibeba godoro kichwani, nikalitandika kando ya birika, palepale ukingoni, nikaweka na mto.

“Ba'mkubwa, dengue ziko nne,” nikasema. “Najma bado mbili. Wewe umeugua ngapi?”

“Mimi sijaugua hata moja, alhamdulillahi.”

“Basi daktari anasema asiyewahi kuugua ndiye, mara nyingi, anayeipata nyepesi. Aliyeugua ndiye wa kulindwa. Kwa hiyo wa kuuguza hapa ni wewe. Karibu, kitanda tayari.”

Majirani wakapata shughuli ya kutazama viatu vyao. Ba'mkubwa akaangalia godoro, kisha akainama, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamwona anawatazama wale viluwiluwi. Mbu mmoja akatua kwenye kifundo chake cha mkono. Alijipiga kofi zito.

Sikuondoa godoro. Nilikusanya nguo za Najma taratibu kwa makusudi, na kabla sijamaliza, fundi alikuwa ameshafika na mabati. Miaka yote ile ya maneno, bwana afya na mimi, wajukuu wanaungua homa, Najma anatokwa na damu, yote hayakutosha kumleta fundi. Ba'mkubwa alimsimamia mwenyewe, mikono ya kanzu ameivuta mpaka kwenye vidole, akimhimiza agongee vizuri na asiache upenyo.

Najma aliegemea bega langu mlangoni, anatazama kazi ikiisha.

“Kumbe lilikuwa linafunikika,” akasema.